Sema Mimi Ni Wenu

Taa za maduka ya mtaa wa Hurlingham, jijini, zilikuwa zikianza kuwaka Nakhumicha alipotoka ofisini na rafiki yake Jacklyne, kwenda kununua keki ya bintiye, Ivyne.

Mlangoni pa duka alisimama kikongwe. Leso yake imelowa chapachapa. Mvua haikuwa imenyesha.

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani...

Nakhumicha alimtambua mara moja. Ni Kukhu, nyanya yake, aliyemlea kisiwani. Kukhu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuhamia mwamba ule wa mbali ziwani, wakajenga vibanda vya matete na kuanika samaki juu ya mawe. Huko walijiwekea desturi. Anayefika ufuoni giza likiingia hakanyagi nchi kavu mpaka mwenyeji aseme, "Ni wetu." Kwa sababu hata waliozama ziwani hurudi, na sura zao zilezile, wakitafuta nafasi ya aliye hai.

"Nakhumicha," kikongwe alinong'ona. "Sema mimi ni wenu."

Jacklyne aliziba pua. "Woi, huyu mathe ananuka omena mbaya! Kwani unamjua?"

Ofisini Nakhumicha alikuwa amewaambia wenzake kwamba alizaliwa mtaa wa Woodley, papo hapo jijini, na baba yake ni daktari.

"Zii," alisema. "Simjui huyu."

Uso ulimchoma kwa aibu. Kikongwe alimtazama tu, maji yakimtiririka vidoleni.

"Haya. Nitamwomba mtoto."

Akapotelea kwenye umati. Simu ya Nakhumicha ikalia. Alikuwa mjomba Tobias, kutoka kisiwani.

"Mashua ya Kukhu imepinduka asubuhi. Alikuwa anakuja kumwona mtoto, maana wewe hujawahi kumleta. Hatujampata..."

Nakhumicha aliiacha keki, akarukia bodaboda.

Nyumbani Woodley, nyayo za maji zilikuwa zimepita uani hadi mlangoni. Hazikurudi.

Ndani, Ivyne alicheka. "Kukhu ni wetu!"

Nakhumicha alibisha. Kavutha, yaya wa mtoto, alifungua kidogo tu, akamkodolea macho.

"We ni nani?"

"Ni mimi, Kavutha! Fungua!"

"Ivyne, njoo. Unamjua huyu?"

Mtoto alichungulia, mkia wa samaki mkononi. Nyuma yake, kwenye kiti cha mama yake, palikuwa na leso mbichi.

Ivyne alimtazama mama yake sana.

"Simjui huyu."

Mlango ukafungwa.

Nakhumicha alitaka kuyasema yale maneno ya Kukhu, "Sema mimi ni wenu." Aibu ikamzuia. Alipoinua mkono kubisha tena, maji yalikuwa yakimtiririka vidoleni.