Kiraka cha Mzee Pencho

Mzee Pencho alikuwa na ugonjwa wa kupapasa kuta. Anaamka, kahawa hajaonja, keshafika chumba cha mjukuu, kiganja ukutani. Kikitoka na maji, anakipangusa kwenye suruali na kujifanya hajaona.

Kona ile ilikuwa nyeusi kwa ukungu. Ausugue leo, kesho umerudi, kama mgeni asiyejua kuaga. Na Yoana, mjukuu wake, anakohoa. Jengo zima la zege, pale mjini Pernik, Bulgaria, lilikijua kikohozi chake.

Siku moja binti yake, Galina, alikuwa anakoroga supu ya maharage. Akasema bila kugeuka, "Baba, baridi hii ikiisha namchukua mtoto, twende kwa bibi yake mzaa baba, kule Varna. Tukae huko huko."

"Kisa kona?"

"Kisa kifua chake."

Mzee akashindwa kukaa. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena, akaongeza utepe wa gundi kwenye nyufa. Upepo wa kupita chumbani aliuogopa kuliko mbwa.

Kilichomchoma ni hiki: ukuta wake alikuwa ameuvika tayari koti la kuzuia baridi. Alibandika kwa nje lile povu gumu linalofungiwa televisheni mpya, akapaka juu rangi ya pichi, ukishuka stesheni unauona. Pernik wengi hufanya hivyo, kila mtu na kipande chake. Majirani walipotaka jengo lote lipimwe na kuvikwa, yeye peke yake alikataa kutia sahihi. "Mimi wangu tayari," aliwaambia. "Nyie mlilala."

Galina akamwita Zdravka wa ghorofa ya pili, ambaye kazi yake ni kupima majumba yanavyopoteza joto. Akaja na kamera ya kuonyesha joto.

"Mzee, tutoke nje kwanza."

"Na baridi hii?"

"Baridi ndiyo inayosema kweli."

Nje akamwonyesha kioo cha kamera. "Penye wekundu, joto linatoroka. Penye buluu, limebaki ndani."

Jengo lote lilikuwa jekundu kama jiko. Katikati, kiraka cha Mzee, buluu.

"Si unaona?" Mzee akatamba. "Changu kimetulia."

"Kimetulia. Sasa tazama kingo zake."

Kingoni, sakafu ya zege inapotokeza nje, palikuwa pekundu kuliko pote.

Juu dirisha likafunguliwa. Ni Grozdan, jirani anayeishi juu ya Mzee. "Pencho, umevaa soksi moja, unashangaa mguu wa pili kuganda."

"Funga dirisha, unapoteza joto," Mzee akamjibu.

Zdravka akacheka kidogo, kisha akaeleza. "Dari yako na sakafu yako zimeungana na za jirani. Joto linapita humo, linatoka. Kona inapoa. Halafu mvuke wa sufuria, nguo mbichi, hata pumzi ya mtoto, vyote vinatua pale penye baridi, vinakuwa maji. Na dirisha umeliziba. Mvuke utokee wapi?"

Mzee akakanyagakanyaga theluji. "Na hizo herufi mnazozisema kwenye kikao cha majirani?"

"Friji yako si ina karatasi ya herufi, A mpaka G? Nyumba nayo inayo. Haisemi nyumba ni nzuri. Inasema inakula moto kiasi gani ili watu wake wapate joto. A anakula kidogo, G ni mlafi. Anayetaka kununua au kupanga ataiuliza. Na ukipimiwa unaambiwa kasoro iko wapi na uanze na nini, usibandike kwa kubahatisha. Ila jengo linapimwa zima, paa, kuta, madirisha, mabomba. Letu nimelipigia hesabu, ni F."

"F, pamoja na kiraka changu?"

"Pamoja nacho."

Mzee akapanda ngazi, akapita mlango wake, akagonga kwa Grozdan, aliyekuwa akitunza karatasi ya sahihi.

"Leta kalamu."

"Umeitaka soksi ya pili?"

"Leta kalamu, usinichoshe."

Lakini Galina alikuwa keshakata shauri. Majira ya kuchipua wakaondoka. Nyumba ikawa kimya, na kimya kikamtesa Mzee kuliko kikohozi. Kiangazi mafundi wakaja kulivika jengo lote. Wakasema kiraka ni chembamba mno, lazima kitoke. Mzee akaomba akibandue mwenyewe. Akakibandua, kipande kwa kipande.

Baridi ikarudi. Cheti kipya chenye herufi ya jengo kikabandikwa mlango wa chini, kando ya matangazo ya misiba.

"Nilidhani umekufa, Pencho," Grozdan akasema. "Kusoma, kumbe ni C tu."

Galina akaja na mtoto kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, samaki wa sikukuu yuko jikoni, begi halijafunguliwa. "Siku chache tu, baba. Nitaangalia." Yoana akalala kwenye kona ile ile. Hita ilikuwa imepunguzwa. Asubuhi Mzee akafungua dirisha wazi kwa muda mfupi, kama Zdravka alivyomwagiza, akajificha ukumbini na skafu shingoni mpaka wakati wa kulifunga.

Galina akamkuta chumbani, kiganja ukutani.

"Vipi?"

"Pakavu."

Akapapasa tena, maana hakuamini. Mtoto akageuka kitandani, akapumua, hakukohoa.

Galina akatoka kwenda ukumbini, akafungua begi.