Chelezo Kilichobaki Ng'ambo

Jumanne ile Naime aliamka kwenye baraza ya zahanati ya pwani, akanawa uso, akasali sala fupi kuliko alivyozoea, akapokea dawa. Vilikuwa vidonge vya malaria vya mtoto, vimefungwa kwenye karatasi, pamoja na chupa ndogo ya kushusha homa. Muuguzi alimwambia mtoto ameze leo hii jioni, asivushwe usiku bila dawa. Naime akaitikia, akavitia kwenye mkoba wake wa kusukwa kwa nyuzi, akaning'iniza ukanda wake kwenye paji la uso kama wanawake wetu wote, akaanza kupanda.

Kijijini kwetu Zangeyu nyumba ya dawa ilikuwa imefungwa kufuli tangu Pasaka. Yawo, mwanawe wa miaka minne, alikuwa siku ya tatu hamtambui mama yake. Tomas, mumewe, alibaki akimkanda kwa maji. Naime alikuwa ameshuka jana pamoja na wachukuzi wa kahawa, lakini wao walibaki sokoni, na yeye hakuweza kungoja. Hivyo alirudi peke yake. Ni jirani yangu, na haya yote aliyasema mwenyewe amesimama mbele ya kanisa, kwa hiyo siongezi chumvi.

Huku milimani mchawi hahitaji nywele zako wala kucha. Anahitaji ulichobakiza. Ganda, mbegu, mfupa, makapi ya popoo yenye mate yako. Akikipata hukifunga kwenye jani na kukiweka juu ya moshi, nawe unakauka kadiri kinavyokauka. Ndiyo maana watoto wetu hufundishwa kufukia maganda kabla hawajafundishwa kusali. Mchungaji hutukemea kila mwaka kwa hilo, nasi kila mwaka tunatubu na kuendelea kufukia.

Siku ile Naime hakufukia. Alikuwa na haraka. Alimenya viazi vitamu huku anatembea, akaangusha maganda njiani. Akatafuna popoo, akatema. Akala ndizi, akatupa. Alishafika kwenye kilima cha pili alipokumbuka, na kurudi nyuma kungemchelewesha. Akasema moyoni kwamba Bwana atamfunika.

Hapo ndipo aliposikia mtu akikohoa nyuma yake.

Alikuwa kikongwe mdogo wa umbo, miguu mitupu, fimbo mkononi, mkoba wa nyuzi umemning'inia mgongoni.

"Mjukuu wangu, unakimbizwa na mume au unamkimbilia?" akauliza.

Naime akacheka bila kutaka. "Namkimbilia mtoto, Bibi. Anaumwa."

"Basi twende. Mimi miguu yangu mizee, lakini haina majungu. Ikiambiwa twende, inakwenda."

"Bibi ni wa kijiji gani? Jina lako nani?"

"Jina langu refu, litakuchosha mlimani. Niite Bibi."

Tangu hapo njia ikawa fupi. Bibi alimpa tangawizi atafune ili pumzi isikate. Alimwonyesha mahali pa kukanyaga kwenye utelezi. Alimsimulia jinsi marehemu mumewe alivyoanguka mtoni na nguruwe wa arusi, na nguruwe akatoka wa kwanza. "Nikamwambia mama yangu, naolewa na yupi sasa?" Naime alicheka mpaka machozi yakamtoka, na katika kulia huko akajikuta analia kweli, siku tatu nzima za kulia zikatoka kwa pamoja. Bibi hakumnyamazisha. Alimwekea tu mkono mgongoni huku wanatembea.

"Mtoto huyo atakula viazi vyako mpaka akuchoshe," alisema. "Tembea."

Naime alikiri kanisani kwamba hajawahi kupata mwenzi wa njia kama yule. Ndiyo maana kosa lake linamuuma zaidi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Bibi hakukubali kutangulia. Hata njia ilipopanuka, hata Naime aliposimama kumpisha, alibaki nyuma. Na kila mara fimbo yake iligonga jiwe, tok, kisha kimya kidogo, kisha tok nyingine. Naime alihesabu hatua. Fimbo ya Bibi iligonga mara moja. Tok ya pili ilitoka mbali zaidi.

Aligeuza shingo.

"Usitazame nyuma, mjukuu," Bibi alinong'ona. "Tazama unapokanyaga."

Walipumzika saa nane chini ya jabali, mvua ikianza kunyesha. Naime alikula kiazi cha mwisho. Kabla hajachimba kishimo cha kufukia, Bibi alishaokota maganda, moja moja, hata lile lililoangukia kwenye kanga ya Naime. Akayafumbata.

"Acha Bibi, nitafukia."

"Pumzika wewe."

Bibi akainuka, akauacha mkoba wake pale chini, akasogea hadi kwenye kona ya njia waliyotoka, akasimama pale akisikiliza. Alimpa Naime mgongo. "Kuna tangawizi mkobani mwangu," alisema taratibu. "Chukua."

Naime akaingiza mkono. Hakugusa tangawizi. Aligusa jani kubwa lililokunjwa na kufungwa kwa uzi. Alilifungua kidogo tu.

Maganda ya viazi. Makapi ya popoo, mekundu, bado mabichi. Ganda la ndizi.

Vyote vyake. Vya tangu asubuhi. Vya kabla hawajakutana.

Alilikunja jani, akalirudisha. Alimkumbuka Gewe, kijana mwenye afya, aliyepita njia ile mwezi uliotangulia na kufika nyumbani akilalamika kiu. Siku tano tu. Tulipomzika alikuwa mwepesi kama kuni kavu.

"Umeipata?" Bibi akauliza, bado amempa mgongo.

"Nimeipata, Bibi."

Waliondoka. Naime aliongeza mwendo. Akaongeza tena. Nyuma, fimbo iligonga haraka vilevile. Tok. Na ile nyingine. Karibu sasa. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hata nzi hawakuwepo. Alijaribu kukumbuka zaburi, ikaja mistari ya katikati tu, bila kichwa.

Mto Sowe ukaonekana, maji yamejaa tope la mvua. Pale hatuna daraja. Kuna chelezo cha mianzi na kamba nene iliyofungwa toka ukingo hadi ukingo, unajivuta mwenyewe. Nyuma ya chelezo kuna uzi mrefu, ili aliyebaki akivute kirudi. Uzi huo haukatwi. Watu wenye kesi za mashamba wanauachiana. Hata wakati wa babu zetu, vijiji vilipopigana, uzi waliuacha.

"Tangulia," Bibi alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Panda, uvuke. Mimi nitasimama hapa kidogo."

Naime alipanda. Alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Alipofika ng'ambo alitoa kisu cha kumenyea viazi, akaukata uzi.

Ukaenda na maji.

Ndipo alipogeuka. Bibi alikuwa amesimama kwenye tope la ukingo, amemtazama. Alikuwa ameuona uzi ukipita mbele ya miguu yake. Hakupiga kelele. Hakulaani. Aliuliza swali moja tu, na mto ule mkubwa haukuzuia sauti yake.

"Dawa unayo?"

Naime akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nenda, mjukuu wangu. Usigeuke tena."

Kisha Bibi akageuka yeye. Akaupa mto mgongo, akaishika fimbo kwa mikono miwili, akaikabili njia.

Naime alikimbia.

Alifika kabla jua halijazama. Yawo alimeza dawa, akatapika, akameza tena. Alfajiri aliomba maji, akamwita mama yake kwa jina la utani. Asubuhi Naime aliposimulia ya mtoni, kijiji kizima kilimsifu kwa kumshinda mchawi ujanja. Hata mimi nilimsifu. Nilisema ningekuwa mimi ningemrushia na mawe. Bwana anisamehe kinywa hiki.

Mchana huohuo Tomas na mzee Mufu, mwindaji wetu, walishuka kufunga uzi mpya. Naime alifuata. Walivuka. Mvua ilikuwa imekatika jana yake jioni, na tope la ukingo lilikuwa limeshika kila kitu.

Mzee Mufu alichuchumaa.

"Huyu wewe," alisema akionyesha nyayo za Naime zikiingia mtoni. "Huyu bibi yako."

Nyayo ndogo zilifika ukingoni, zikageuka, visigino vikaelekea maji. Hapo zilizama mpaka kwenye vifundo, kama za mtu aliyesukumwa kwa nguvu na akakataa kurudi nyuma.

"Na huyu?" Tomas akanong'ona.

Mbele ya nyayo za Bibi, hatua moja tu, zilikuwapo nyingine. Ndefu. Nyembamba. Vidole vimechimba.

Walizifuata kwa kurudi nyuma, kupanda mlima, hadi kwenye jabali, hadi kilima cha pili, na zaidi. Zilikuwa zimemfuata Naime tangu pwani. Mzee Mufu alionyesha kwa kidole bila kugusa: kila zilipokuta unyayo wa Bibi zilikwepa, na kila zilipokuta wa Naime zilikanyaga katikati. Mahali alipotupa ganda, tope lilikuwa limekwanguliwa kwa kucha. Lakini ganda lilikuwa limeshaokotwa.

Naime alikaa chini palepale njiani. "Alikuwa akiniokotea," alisema. "Nami nikamkatia uzi."

Walitafuta siku tatu. Waliuliza vijiji saba. Hakuna aliyempoteza bibi. Hakuna aliyemjua. Na pale ukingoni hapakuwa na nyayo za kuondoka, za Bibi wala za kile kingine.

Tangu hapo Sowe umefurika mara nne na kufunika ukingo wote. Kila maji yanaposhuka tope huwa jipya, laini kama uso wa mtoto. Nyayo ndefu hazikuonekana tena. Lakini vile visigino viwili vidogo vipo, vimeupa mto mgongo, na mara ya mwisho nilipovuka, maji yaliyokuwa ndani yake yalikuwa na joto la mwili.