Lori Lililonyamaza Mbele ya Mgeni

Asubuhi ilipofika, majirani wa kina Chiriku hawakuhitaji kufungua redio zao. Ya baba yake, dereva wa lori la mchanga, iliwatosha wote. Mama akisema, "Chai tayari," baba anauliza, "Nani kaja?" Watoto walicheka. Mama siku hizi alicheka nusunusu.

Siku moja ya likizo baba alimchukua Chiriku mpaka kwenye yadi ya malori. Ofisini walimkuta dada mmoja mhandisi. Bosi wa yadi alikuwa amemwita aangalie kama kelele za ndani ya malori zinawaumiza madereva. Zikizidi, bosi atavalisha kebini zote, yaani vyumba vya madereva, sponji nene la kuzuia sauti. Zisipozidi, basi, mambo yabaki hivyohivyo.

Kwenye kompyuta ya dada huyo lilikuwa limechorwa lori la baba, tupu kama ganda la yai. Penye kelele palikuwa pekundu, penye utulivu pa buluu.

"Dada, inasikiaje na haina hata sikio moja?" Chiriku aliuliza.

"Haisikii, inapiga hesabu. Naiambia bati lina unene gani na injini inatetemeka vipi. Yenyewe inakisia sauti itafika wapi."

Chiriku akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Hakuambulia kitu.

Lakini hata mhandisi mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa. Kompyuta ilionyesha wekundu mtupu juu ya kifuniko cha injini, pale kati ya viti. Juzi alipopanda lori na kipimo chake cha sauti, kipimo kikasema pametulia.

"Nimerudia hesabu mpaka macho yananiuma," alisema. "Mzee, siku ile mle ndani kulikuwa na kitu tofauti?"

"Eh?"

Mhandisi akarudia kwa sauti kubwa.

"Hakuna. Lori ni lilelile," baba alijibu.

"Basi nimekosea mimi. Nitamwambia bosi kelele si nyingi."

Hapo Chiriku akakumbuka. Juzi, kabla ya mgeni huyu kupanda, yeye na baba walisafisha lori likang'aa. Kifuniko cha injini kiligoma kutakata kwa mafuta, kwa hiyo wakakifunika kwa godoro la zamani la Chiriku na shuka juu yake. Mgeni alipoondoka, godoro likarudi nyumbani. Sasa godoro na kompyuta vinahusiana nini? Tena akisema, si atamwumbua baba mbele za watu? Na asiposema, je? Kichwa kilimzunguka.

"Tuliweka godoro," alisema kwa sauti ndogo.

"Anasemaje huyu?" baba aliuliza.

"Godoro, baba. Juu ya injini."

Baba alimtolea macho. Mhandisi naye akaitazama tena ile picha, kisha akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mzee, kumbe uliifunika kelele blanketi ikalala, na kompyuta yangu haikuambiwa. Twende tena, safari hii uendeshe kama siku zote."

Wakaenda bila godoro, dirisha wazi, kama baba alivyozoea. Waliporudi, kipimo na kompyuta vilikuwa vinasema lugha moja.

Baba aliinamia ile picha. "Kwa hiyo mimi kila siku nakaa ndani ya wekundu huu?"

"Kila siku, mzee. Ndiyo maana unatuuliza 'eh'. Nenda hospitali wakakupime masikio."

Jioni hiyo bosi alikubali kebini zivalishwe sponji. Baba na Chiriku wakatoka yadini kwa miguu. Baba alitangulia kwa hatua ndefu, na Chiriku hakujua kama amekasirika.

"Mwanangu," baba alisema mwishowe, "nilitaka tuonekane wasafi. Kumbe nilikuwa namficha ugonjwa mtu aliyeniletea dawa. Ukijua ukweli, useme, hata kama mbele yako nimesimama mimi baba yako."

"Sawa, baba."

"Eh?"

"Nimesema sawa!"

"Hapo sawa. Na useme kwa nguvu hivyohivyo, maana ukweli wa kunong'ona mimi sikuusikia."