Jirani Ndani ya Chuma

Amri ilikuja kwa maneno manne.

"Maharage yameingia wadudu. Katandala."

Atuganile aliacha chai mezani, akalipanda pikipiki lake la Boxer na kuliwasha. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Alikata kona ya Mazwi kwa kasi ambayo trafiki angeiandikia faini mara mbili. Baridi ya Ufipa ilipenya koti la ngozi mpaka mbavuni.

Watu wa mji wa Sumbawanga walimjua kama afisa kilimo aliyehamia kutoka Mbeya. Idara ya ujasusi ilimjua kwa namba moja tu: Tisa.

Kiota ilikuwa kampuni ndogo ya Katandala iliyokodisha nafasi kwenye kompyuta zake kwa njia ya mtandao. Obed, fundi wake, alisimama mlangoni akitoka jasho kwenye baridi ile.

"Dada, mmepata jirani mbaya."

Alimwingiza kwenye chumba chenye feni zinazovuma na kumwonyesha seva moja.

"Chuma hiki tunawagawia wateja sita. Kila mmoja anapewa mashine pepe, anadhani kompyuta nzima ni yake. Kuta zipo katikati, ila ubongo ni mmoja. Mtu mjanja akikaa humo, anaweza kusikia jirani anavyofungua makufuli yake."

"Na huyu ni mjanja?"

"Tangu juzi amefungua na kufunga mashine themanini na tatu. Akiangukia seva nyingine, anafunga, anajaribu tena. Jana akaangukia hapa, ubavuni mwenu. Tangu hapo katulia tuli."

Mashine ya Idara ilibeba orodha ya watoa habari kumi na mmoja, watu wa kawaida waliofichua bunduki zinazovushwa mpakani. Redio yake ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Ndimyake, Mkuu wa Idara kanda ile.

"Tisa, tumenasa simu yao. Saa tatu walipata vipande vya orodha. Wanajua mmoja ni mfugaji wa bondeni, jina hawana. Muuaji wao anajiandaa kushuka huko. Watu kumi nimewahamisha. Kashinje hapatikani."

Kashinje. Msukuma mwenye ng'ombe mia mbili na watoto sita, huko chini Bonde la Rukwa ambako mtandao haushiki. Ndiye aliyeonyesha shimo lililofichwa bunduki, na hakuomba hata soda. Atuganile alimpigia kwa simu yake ya Tecno. Haipatikani. Akapiga tena.

"Zima hiyo seva," Ndimyake aliamuru.

Obed akatikisa kichwa. "Humo kuna mashine ya hospitali. Sasa hivi wanampasua mtu, na rejista ya damu wanaisomea hapa."

"Hatuzimi, Mkuu. Kuna mgonjwa mezani."

"Nani alituweka chuma kimoja na hospitali?"

"Ni wewe, Mkuu. Uliandika kwamba ya pamoja inatosha."

Atuganile alikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Kwa dispensari au duka la pembejeo, seva ya pamoja inatosha kabisa. Kwa roho za watu kumi na mmoja haitoshi, na jambo hilo halihitaji shahada.

"Inabaki muda gani?" alimwuliza Obed.

"Kila saa kamili mashine yenu inafungua orodha yenyewe. Ufunguo ukipita tena saa nne, anaudaka wote."

Saa tatu na dakika hamsini na moja.

"Tukiifuta orodha?"

"Atajua ameonekana."

Naye akijua, wataanza kupekua zizi baada ya zizi. Mwisho wangefika kwa Kashinje. Kufuta hakukutosha. Muuaji alitakiwa apewe njia nyingine.

"Una seva ya mtu mmoja?"

"Ipo, tupu. Ukiichukua, chuma chote chako, hakuna wa kukusikiliza. Ila inataka saini ya Mkuu wako."

"Atasaini."

Atuganile alivua buti la kulia na kutoa flashi ya SanDisk kwenye kisigino. "Nakala ya orodha hii hapa. Ipandishe kwenye seva ya peke yake, ufunguo mpya. Ile ya zamani usiifungue. Ifute, na mahali pake weka hii."

Akaandika majina kumi na moja ya uongo. La kwanza alilipamba: Bibi Victoria, mjane, Milanzi, nyumba ya bati la bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Ng'ombe wake wako bondeni, mchungaji humletea habari. Yupo nyumbani mpaka saa sita.

Vidole vya Obed vilikimbia. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Seva mpya ikawasha taa ya kijani.

"Imekaa."

Saa nne kamili. Orodha ya uongo ikajifungua, ikajifunga. Dakika moja baadaye jirani alifunga mashine yake na kuhama bila kuaga.

"Amemeza," alisema Obed.

Boxer lilikuwa limeshanguruma nje.

Saa tano kasoro robo, Milanzi, kwenye nyumba ya siri ya Idara. Kikongwe aliyejifunika shuka zito alikaa kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani. Chini ya maharage kulikuwa na bastola ya Glock.

Mwanamume aliingia uani, mkono wa kulia mfukoni. Idara ilikuwa na picha yake: Calvin, mzaliwa wa hapohapo Sumbawanga, aliyekwisha kupeleka watu wanne kaburini.

"Wewe ndiye Bibi Victoria?"

Kikongwe aliinua kichwa. Alimsalimu kwa Kifipa, polepole, kwa sauti ya mtu anayengoja adabu yake.

Calvin alisita. Angeweza kufyatua palepale. Lakini Mfipa aliyelelewa hasalimiwi na bibi akabaki wima, mkono mfukoni. Mama yake alimchapa kwa hilo tangu hajaota meno ya pili. Mkono ukatoka mtupu. Magoti yakakunjika. Akachuchumaa, akaunganisha viganja na kupiga makofi ya heshima, kichwa chini.

Bibi akauliza habari za nyumbani. Makofi. Habari za shamba. Makofi.

Habari za wakwe.

Klik.

Pingu zilikuwa mikononi mwake kabla makofi hayajaisha. Shuka likamwanguka Atuganile na Glock ikamtazama Calvin katikati ya macho.

"Wewe si bibi," Calvin alisema, na ilionekana kweli imemuuma.

"Marahaba, mjukuu."

Simu ya Calvin ndiyo ilimtaja mwajiri. Baada ya dakika ishirini Motorola ikakoroma: yule jirani wa seva, raia wa kigeni, amekutwa gesti huko Mazwi, laptop wazi, begi limefungwa.

"Kazi nzuri, Tisa," alisema Ndimyake. Akakohoa. "Ile saini nimeweka. Seva ya peke yake, moja kwa moja."

"Asante, Mkuu."

Alikuwa akivaa kofia ngumu Tecno ilipoita. Alipoona jina, alipokea haraka.

"Dada, nimepanda mlimani kumtafuta ndama, nakuta ulinipigia mara kumi na saba," alisema Kashinje. "Kuna tatizo?"

Atuganile aliegemea Boxer.

"Hakuna, kaka. Nilitaka kujua mifugo inaendeleaje."

"Wazima wote. Ni huyu ndama tu."

"Mtafute taratibu," alisema. "Muda unao."

Akakata simu, akapiga kiki na kuondoka.