Mwalimu Frida Alipa Bila Kupatana

"Elfu mbili? Kwa koti la sufu? Huyu mwalimu ananitafuta maneno."

Thadeo aliinua simu yake ya tochi ili Bi Tabu, muuza maharage wa meza ya jirani, ajionee mwenyewe. Ujumbe aliotuma Thadeo ulisema: "Koti la sufu, kijivu. Bitana nzima. Mfuko wa kulia umetoboka. 6000."

Jibu la Mwalimu Frida lilikuwa fupi: "2000. Chaki zangu zote zitaishia kwenye bitana."

"Si umpe tu," Bi Tabu alisema, huku akipepeta maharage yake.

"Kwani belo naokota, Bi Tabu?"

"Huokoti. Lakini tangu ujumbe uingie unacheka. Mfanyabiashara gani anachekelea kupunguziwa bei?"

Ilikuwa miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Songea, biashara imefunguliwa, na belo za mitumba zinashushwa sokoni kila wiki. Thadeo, kijana wa Madaba aliyehamia mjini, ndiye aliyekuwa wa kwanza katika safu yake kuuza kwa simu. Akifungua belo, anawaandikia walimu na wauguzi alichopata, nao wanapatana naye huko huko hewani. Ila vocha ilikuwa ghali jamani, kwa hiyo yeye na Frida walijitungia utaratibu. Kila mmoja anaandika mara moja, basi. Baada ya hapo ni kubipu. Frida akibipu, ameongeza mia mbili. Thadeo akiridhika, naye anabipu mara moja na bei imekwisha.

Simu ikalia kidogo, ikakata. Ikalia tena, ikakata.

"Ngapi hizo?" Bi Tabu akauliza.

"Mbili. Nyamaza nihesabu."

Angeweza kukubali kwenye ya tatu. Aliziacha ziendelee kwa sababu kila mlio ulikuwa kidole cha Frida kikibonyeza jina lake. Zilipofika nane akamwonea huruma, akabipu. Elfu tatu na mia sita.

Jumamosi Frida aliteremka kwa miguu kutoka Ruhuwiko. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini, mzaliwa wa Same, aliyeletwa Songea na barua ya ajira. Alilivaa koti, akaingiza mkono katika mfuko mbovu hadi vidole vikatokea chini ya mfuko.

"Unaona? Umeniuzia dirisha."

"Nimekuuzia koti, dirisha nimekupa bure."

"Kitendawili," Frida akasema. Alikuwa na vitendawili kama watoto wake wa darasa la tatu.

"Tega."

"Analia bila machozi, ukimwitikia umemharibu."

"Mtoto wa jirani yangu huyo," Bi Tabu akadakia.

"Bip," Thadeo akasema.

"Umepata. Sasa nipunguzie mia sita."

"Nipate mimi, halafu upunguziwe wewe?"

"Aliyepata ana furaha. Mwenye furaha hutoa."

Alimpunguzia. Walicheka mpaka mteja mwingine akaondoka na suruali aliyokuwa ameishika. Kisha Frida akawa anafunga vifungo vya koti taratibu mno, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Nimeomba uhamisho, Thadeo. Nirudi Same. Mama yuko peke yake, na kifua chake si kizuri."

"Watakujibu lini?"

"Wakubwa hujibu wakipenda."

Thadeo alikuwa na maneno ya miezi minane kifuani. Alichofanya ni kulikunja gauni moja mara nne.

"Mungu akusaidie," akasema.

Usiku huo alijitukana mwenyewe.

Julai, mama yake Frida alifika kwa basi. Alikuja kumsaidia binti yake kufunga mizigo, maana alikuwa na imani barua haitachelewa. Baridi ya Songea haikumpokea vizuri. Siku ya nne alilazwa na nimonia, na Frida hakuwa na mtu wa kumpokea zamu ya asubuhi, kwa kuwa asubuhi alikuwa darasani.

Habari hiyo aliileta Bi Tabu sokoni. Kesho yake Thadeo alikwenda wodini kabla ya kufungua meza, akiwa na chupa ya uji wa ulezi na blanketi zito alilolichagua kwenye belo na kulifua mara mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wewe nani?"

"Mtu wa jumuiya ya kanisa tu, mama. Tunatembelea wagonjwa."

Alikwenda siku tisa. Alimnywesha uji, akamgeuza mto, akamtegea vitendawili apate kupumua vizuri kwa kucheka.

"Mgeni wangu katoka Ulaya bila pasi, kila anayempokea anamtia mikono mifukoni."

"Koti la mtumba," mama akajibu, akakohoa, akacheka. "Wewe ni mtu wa jumuiya au wa sokoni?"

Kila siku, ikifika saa tano kasoro, Thadeo alikuwa amekwisha ondoka. Hakutaka Frida amkute. Aliona kama atakuwa amekwenda kudai kitu.

Mama akapona, akatoka. Wiki iliyofuata Thadeo akafungua belo jipya, na juu kabisa akaona gauni la bluu lenye kola nyeupe. Akaandika: "Gauni la bluu, kola nyeupe. Kifungo kimoja hakipo. 7000." Alitaja saba makusudi. Alitaka bip nyingi siku hiyo.

Jibu likaja upesi: "Sawa. Nitaleta hela Jumamosi."

Alilisoma. Akaitikisa simu. Akaiweka juu ya goti, akasubiri mlio. Hakukuwa na mlio.

"Amesemaje?" Bi Tabu akauliza.

"Sawa."

"Sawa ngapi?"

"Sawa elfu saba."

Bi Tabu akaweka ungo chini.

"Hakushusha?"

"Hata mia."

"Wallahi, mwanangu, sikutaka niwe mimi wa kukuambia. Walimu wenzake walinunua maharage hapa jana. Barua ya uhamisho imekuja. Mtu anayelipa bila kupatana anakuaga huyo, hataki kuacha maneno nyuma."

Jumamosi Frida akaja. Pesa alikuwa amezitia kwenye bahasha, kama za sadaka.

"Elfu saba. Hesabu."

"Nakuamini, mwalimu."

Frida akamtazama. Thadeo hakuwahi kumwita mwalimu usoni pake, hata siku ya kwanza.

"Kifungo kimoja hakipo," Thadeo akasema. Alikuwa anamfungulia mlango wa kupatana.

"Nimeona."

"Na pindo limefumuka upande huu."

"Nimeona pia."

"Na huna la kusema?"

"Nitasema nini? Ahsante, Thadeo. Kwa yote."

Kwa yote. Thadeo aliyasikia maneno hayo akaona basi la Same limekwisha washwa.

"Haya. Safari njema."

"Nani kakuambia nasafiri?"

"Soko lina masikio."

Frida alisimama. Alisimama muda mrefu kuliko inavyohitajika kupokea gauni, na Thadeo akautumia muda wote huo kupanga soksi.

"Basi," Frida akasema, sauti imepungua. "Kama ndivyo unavyoniambia, safari njema."

Akaondoka. Bi Tabu akamtupia Thadeo punje ya haragwe kichwani.

"Ya nini hiyo?"

"Hiyo ya leo. Kesho nitakutupia ungo."

Jumatatu mchana Thadeo hakuwa ameuza hata leso. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya Frida. Akaiacha ikate, kama kawaida ya bip. Haikukata. Ikalia, ikalia, hadi watu wa meza ya viatu wakageuka.

"Pokea," Bi Tabu akamwambia. "Huyo anapiga kwelikweli."

Akapokea kwa mikono miwili.

"Haloo?"

"Wewe ndiye mtu wa jumuiya?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jumuiya gani hiyo isiyo na jina? Nilipomwambia binti yangu kuna kijana mwenye simu ya tochi, anatega vitendawili, alilia siku hiyo hiyo, akasema anamjua. Sasa tangu Jumamosi halii wala hacheki, anafunga mizigo tu. Umemfanya nini?"

"Mimi, mama? Yeye ndiye aliyelipa bei yote."



"Amefanya nini?"

"Nilitaja elfu saba. Akalipa elfu saba."

Thadeo akamsikia mama akigeuka na simu mkononi. "Frida, hebu njoo. Ulimpa huyu kijana bei yote?"

Na kwa mbali, sauti ya Frida: "Nilikuwa namshukuru, mama. Nitamvutaje shati kwa mia mbili mtu aliyekufunika blanketi?"

"Shukrani gani hizo? Mimi nimeuza tangawizi Same miaka ishirini. Mteja akilipa bila neno, namsahau kabla hajavuka barabara. Umemfanya mtoto wa watu duka."

"Yeye ndiye aliyeniambia safari njema. Nilisimama pale nikisubiri aniambie nisiende, akawa anapanga soksi."

"Ulikuwa unapanga soksi?" mama akauliza kwenye simu.

"Ndiyo, mama," Thadeo akasema.

"Mungu wangu, wote wawili..."

Vocha ikaisha.

Thadeo akabaki ameishika simu sikioni. Bi Tabu, aliyekuwa amesogeza kigoda hadi karibu kabisa, akamshika mkono.

"Nimesikia nusu," akasema. "Hiyo nusu inatosha. Ziache hizo soksi."

Alasiri Frida akaja na mama yake, wanatembea polepole kwa ajili ya kifua. Mama akapewa kigoda cha Bi Tabu. Frida akatoa gauni la bluu kwenye mfuko, akalitandaza mezani.

"Gauni lako bovu," akasema.

"Lilikuwa bovu Jumamosi pia."

"Jumamosi macho yangu yalijaa shukrani, sikuona vizuri. Nirudishie elfu tatu."

"Mali ikishatoka mezani haina marejesho. Mia tano, kwa ajili ya kifungo."

"Na pindo?"

"Pindo nitashona mwenyewe."

"Elfu mbili na mia nane."

"Mia saba."

"Thadeo, una roho ngumu."

"Ningekuwa nayo ningelala jana."

Watu wa viatu walikuwa wamekwisha acha kuuza. Thadeo akalisogeza gauni pembeni.

"Barua unayo?"

"Iko kwenye mkoba. Natakiwa kuripoti Same mwezi ujao."

"Niambie bei yake."

"Bei ya barua?"

"Bei ya wewe kuirudisha walikoiandika."

Frida akamtazama mama yake. Mama alikuwa anaangalia maharage kama mtu mwenye shida ya maharage.

"Hiyo utaanza kutaja wewe," Frida akasema.

"Nina meza hii. Nina chumba na sebule Mjimwema, bati halivuji. Nina mama Madaba aliyechoka kuniuliza lini. Nakuomba nikuoe, Frida. Ningekuambia tangu ulipovaa lile koti, nikaogopa utaona nakuzuia usimwone mama yako."

"Hiyo ndiyo bei ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Ongeza."

"Mama asirudi kukaa peke yake. Akae kwetu, kifua chake kitunzwe na mtu anayejua dawa zake anakunywa saa ngapi. Ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, ya pili saa nane."

Frida akafungua mdomo kujibu. Machozi yakamtangulia.

"Sina kingine cha kuongeza," Thadeo akasema.

"Hapana," mama akasema kutoka kwenye kigoda.

Wote wakageuka.

"Mimi sikai nyumba ya mkwe. Siwezi. Nitafutie chumba jirani, chenye mlango wangu na kipande cha ardhi nyuma nipande tangawizi. Udongo wenu nimeuona, si mbaya."

"Chumba nitapata, mama. Ardhi pale ni ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Hatua kumi kwa nane."

"Ziwe kumi na tano."

"Kumi na mbili, na maji nakuchotea mimi."

Mama akalifikiria hilo, kisha akaunyoosha mkono. Thadeo akaupokea kwa mikono miwili na kupiga goti hapo hapo penye makapi ya maharage. Frida aliichana barua? Hapana. Alikuwa mwalimu, aliirudisha ofisini kwa utaratibu na nakala mbili.

"Alhamdulillah," Bi Tabu akasema, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Sasa naomba kigoda changu."

Mazungumzo ya mahari yalikwenda siku mbili nzima, kwa sababu wajomba walitoka Same na Mzee Otto, baba mdogo wa Thadeo, hakuwa mtu wa kukubali jambo kabla ya kula. Padri wa Thadeo na mchungaji wa Frida nao walizungumza hadi wakaelewana. Ndoa ikafungwa Desemba, shule zimefungwa, mvua inanyesha juu ya turubai.

Mama Frida akaomba kusema. Akamshukuru Mungu. Akawashukuru wauguzi wa wodi kwa majina, mmoja mmoja, akamshukuru Bi Tabu kwa kuwa na mdomo usiotulia. Alipofika kwa Thadeo akamgeukia.

"Nilikuja Songea kumchukua binti yangu," akasema. "Mkanibakiza na mimi. Ahsanteni."

Akakaa. Frida akamsogelea, akaegemeza kichwa begani kwake, na Thadeo akasimama kuwapisha watu waliokuwa wanapanga foleni kuja kumshika mama mkono.