Kiti cha Baba Watoto

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi bomba, mwanamke wa shoka. Kiti cha ofisini cha mumewe kilikuwa kikishuka kila alipokikalia, kwa mlio mrefu: fsss. Mume akimwomba akitengeneze, jibu lilikuwa, "Kesho, baba watoto." Mganga hajigangi, mume akafa kiti hakijaguswa.

Wiki moja baada ya mazishi alichana kipande cha bomba la plastiki, akakivisha kwenye mhimili chini ya kikalio, kiti kisiweze kushuka tena. Akakikalia. Hakikushuka. Akalia mpaka jioni.

Alipoinuka kufunga dirisha, umeme ukakatika. Nyuma yake, gizani, akasikia: fsss.

"Umechoka, baba watoto?" akanong'ona.

Taa zikarudi. Bomba lilikuwa palepale, limekaza, halina hata ufa. Kiti kilikuwa kimeshuka mpaka chini.