Mayai Yaliyogeuka Meupe

Maiti ilikuwa imeinamia tangi la samaki madume, kichwa majini, miguu nje. Perege walikuwa wakipita puani mwake bila wasiwasi wowote.

Marehemu alikuwa mwenye shamba lile la samaki. Inspekta Ndimu, jina alilopachikwa kituoni kwa uso wake mchachu, alichuchumaa akamtazama kisogoni. Palikuwa na michubuko ya vidole, mipana, iliyoshika barabara. Mtu aliyeteleza hajikabi mwenyewe kwa nyuma.

Hakuna aliyelia. Mjane, mtoto mchanga mgongoni, alikuwa akirushiana matusi na shemeji yake mbele ya maiti. Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa fundi wa kuzalisha vifaranga, na kidole alishakinyoosha: mke na mume waligombana asubuhi ile wafanyakazi wote wakisikia, sasa polisi wanatafuta nini tena? Mkuu wa kituo aliipenda hadithi hiyo. Akaagiza kwa simu mwanamke awekwe mahabusu, afunguliwe mashtaka ya mauaji kesho yake mchana. Mtoto akaachwa kwa jirani, akilia mpaka sauti ikamkauka.

Ndimu hakumpenda yule mjane hata kidogo. Alikuwa na mdomo wa shombo. Lakini vidole vyake vilikuwa vyembamba kama vya mwanafunzi, na kumpeleka mama anayenyonyesha kizuizini kwa vidole vya mtu mwingine ni jambo lililomkera Inspekta.

Akanawa bombani, akaingia chumba cha kutotolea mayai kumhoji fundi.

"Simama hapo hapo," fundi akafoka. "Una maji mikononi."

"Nikiwa nayo?"

"Utaniulia mbegu."

Akamweleza kwa dharau, kama anayemsomesha mtoto mzito. Mbegu za dume la samaki zikiwa kavu zimelala. Tone la maji likizigusa zinaamka, zinaogelea kwa kishindo, na kufumba na kufumbua zimekwisha nguvu. Ndiyo maana dume hukamuliwa kwenye bakuli kavu, kwa mikono mikavu, mbegu zikachanganywa na mayai kwanza, maji yakafuata mwisho.

"Kaka yako anakufa, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nakamua dume, nachanganya. Nilitoka niliposikia kelele."

"Nani shahidi?"

Fundi akaonyesha trei kwa kidevu. "Mayai hayo. Yaulize."

Ndimu akachukua sampuli ya mbegu zilizobaki kwenye bakuli la kukamulia, akamtaka fundi amwonyeshe dume alilolikamua. Akaita mtaalamu wa samaki kutoka maabara, naye akalikamua upya mbele ya sajenti.

Kesho yake asubuhi Inspekta alirudi. Trei nyingine zilikuwa na mayai ya rangi ya asali. Ile ya fundi ilikuwa nyeupe pepepe, imeanza kuota ukungu.

"Nimeyauliza," Ndimu akasema. "Yamekufa yote."

"Dume bovu. Kaka aliwajaza madume homoni."

"Dume ni zima. Mbegu zake nzito, zinaogelea vizuri, maabara wameziona. Zilizokufa ni za kwenye bakuli lako. Ziliingiwa na maji kabla hazijafika kwenye mayai. Fundi mzima, mwenye kunifokea mimi kwa maji ya bomba. Ulirudi mbio ukutwe kazini, mikono ya shati ikidondosha maji. Maji ya wapi yale?"

Fundi akaketi juu ya ndoo. Hasira ikamtoka usoni, ikabaki sauti tu.

"Miaka yote nachanganya ile homoni kwenye chakula cha vifaranga, wageuke madume watupu, maana madume hukua upesi. Kwa mikono mitupu. Kaka alisema haina neno, ni kama chumvi. Mke wangu akachoka kungoja mtoto, akaondoka. Nikaenda hospitali. Daktari akasema mbegu sina kabisa, akaniuliza nafanya kazi gani."

"Ukamwendea kaka yako."

"Nilitaka aseme hakujua. Hilo tu, ningenyamaza. Akasema muuzaji alimwonya tangu siku ya kwanza, ila glavu zingenichelewesha. Kisha akacheka. Akasema dume likiisha kazi tunalikaanga. Akainama tangini kuchagua samaki wake. Nikamshika."

Sajenti akamfunga pingu. Ndimu alikuwa ameshashika simu amwambie mkuu wa kituo amwachie huru yule mama, lakini swali moja lilikuwa linamchoma.

"Kuhusu kaka yako nimekuelewa. Shemeji yako alikukosea nini?"

Fundi akamtazama kwa chuki ambayo hata mbele ya maiti hakuwa nayo.

"Yeye ana mtoto," akasema.